Vitabu vya Theluji Ndani ya Shimo la Ndizi

Kitabu cha mashairi baba alikivuta chote. Sisemi alikisoma kwa pupa, nasema alikivuta. Alichana ukurasa, akaweka tumbaku, akaviringisha, akalamba ukingo na kuwasha kwa kijinga cha moto. Kurasa zote ziliisha kati ya palizi na mavuno ya kahawa. Kilikuwa kitabu cha lugha ambayo hakuna mtu hapa Nyabiyonza aliyeijua, chenye michoro ya wino mweusi ya miti isiyo na hata jani moja, na mama alikipenda kuliko vingine kwa sababu ya ile miti. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kila nilipomwona baba amekaa mlangoni akipuliza moshi, nilitamani umkabe afe. Nasema ukweli, na anayetaka binti mwema akamtafute kwa jirani.

Vitabu vilikuwa saba na vyote vilihusu baridi. Mama alivipata mwaka 1978, vita vilipofika mpakani. Kabla ya hapo alikuwa akipika na kufua kwa muuguzi wa Kizungu pale misheni, mwanamke mtu mzima aliyetoka nchi ambayo nusu ya mwaka huwa nyeupe. Kwao kulimkaa moyoni. Alikusanya kila kitabu cha theluji alichoweza kuletewa, akavisoma barazani mchana wa jua kali, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Ndiye aliyemfundisha mama kusoma, kwanza Kiswahili, halafu Kiingereza cha kuombea maji. Habari za mizinga upande wa Murongo zilipoenea, wageni waliondoka siku hiyohiyo. Muuguzi alipanda gari na begi moja, akamwachia mama sanduku la bati lenye vitabu, amtunzie mpaka atakaporudi. Hakurudi. Mama alilibeba kichwani mwendo wa saa tatu, akipishana na watu wanaokimbia na mbuzi na magodoro.

Mimi nilikuwa mdogo, lakini sanduku lile nakumbuka lilivyotuliwa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Baba alilitazama, akauliza kama kuna kitu cha kula ndani. Mama akasema hamna. Baba akalipiga teke.

Baba alikuwa mtu wa mikono. Shambani hakuna aliyemshinda, na nyumbani vilevile. Hakuhitaji pombe ili apige. Alipiga akiwa mkavu, asubuhi, kwa sababu uji ni wa moto au kwa sababu umepoa. Mama alipompelekea chakula alipiga magoti, kama wanawake wote wa kwetu walivyofundishwa, na mara nyingine kofi lilimkuta palepale chini kabla hajainuka. Siku moja alimpiga na jembe, ubapa wake, mgongoni, halafu akaenda kanisani akaimba sauti ya nne. Watu walijua. Walisema ni mambo ya ndani ya nyumba. Dada zangu wote walikuwa wameolewa mapema, na siwalaumu, walikuwa wanatoroka. Nilibaki mimi.

Mama alikuwa na dawa moja tu, migomba. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilikuwa kizito, majani yameshikana juu, magome yananing'inia, na hatua ishirini tu kutoka mlangoni mtu hakuonekana tena. Akipata upenyo mama alichomoka, akapotelea humo. Baba hakumfuata hata siku moja. Alisimama mlangoni akiitukana migomba, kisha akachoka. Mama alirudi baadaye na kuni au mkungu begani, kana kwamba ndilo lililompeleka.

Sasa elewa kwa nini kimoja cha vile vitabu, kile kinene, kilitutisha. Kilikuwa cha Kiingereza, hadithi ya mzee mmoja, mkewe na watoto watatu katika nyumba ya magogo huko mlimani. Theluji inaanguka mpaka inaziba mlango, na wanakaa humo miezi mitano. Tulikisoma mimi na mama mchana, baba akiwa kilabuni, yeye akishika neno hapa na mimi na Kiingereza changu cha shule nikishika pale. Tulipofika kwenye mlango uliozibwa mama akaweka kidole kwenye mstari.

"Miezi mitano," akasema. "Na baba yao yumo?"

"Yumo."

"Na migomba hawana."

Akafunga kitabu. Hatukuendelea siku ile. Nilijaribu kufikiria nyumba yetu ikiwa imezibwa miezi mitano, sisi watatu ndani, nikaona wazi kabisa kwamba mmoja wetu asingetoka.

Vingine vilikuwa vyepesi. Kulikuwa na cha picha, cha watoto wadogo, ambamo mtu amewekwa juu ya mbao bila magurudumu anakokotwa juu ya theluji, na mama alicheka kila alipomwona. Kulikuwa na cha kufuma, na kwa hicho mama alinifumia glavu za sufi nyekundu. Nilizivaa asubuhi moja ya mwezi wa saba kuchuma kahawa, na majirani walinicheka mpaka nikazivua. Kulikuwa na kijitabu cha Kiswahili cha hadithi za Krismasi, tulichokijua kwa moyo, na kingine cha mwalimu aliyefundisha watoto wanne huku mbwamwitu wakilia nje. Na kulikuwa na cha maelekezo kwa wasafiri wa nchi za barafu. Mimi hicho ndicho nilichokipenda. Kilisema kwenye barafu utembee kama bata, hatua fupi, nyayo bapa, magoti yamelegea. Kilisema mtu aliyeanguka asiachwe kulala chini, kwa sababu baridi humlewesha, anaona usingizi mtamu, na katika usingizi huo anakufa. Mimi na mama tulifanya mazoezi ya bata kwenye utelezi wa njia ya mtoni, ndoo vichwani, tukicheka kama vichaa.

Baba alipomaliza kuvuta mashairi alitaka karatasi nyingine. Mama akasema zimekwisha. Baba alimtandika kwa neno hilo moja, akamwachia jicho limevimba kama nyanya, na kesho yake mama akaanza kuhamisha sanduku. Lilikaa chini ya kitanda changu, likakaa nyuma ya magunia ya kahawa, na kila mara baba alikaribia kulikuta. Mwisho mama akalitia mahali ambapo alidhani hakuna atakayetazama, yaani kwenye shimo la zamani la kuvumbikia ndizi, kando ya kahawa, ambalo halikuwa limetumika mwaka mzima. Alilifunga kwa magome ya migomba, akarundika majani makavu juu yake.

Kwetu ndizi za pombe hazisubiriwi ziive zenyewe. Unachimba shimo, unatandika majani, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, unalipasha moto kwa tundu la pembeni, na joto linafanya kazi yake. Siku ya tano unafukua, zimekuwa njano, laini, unazikanyaga kwenye mtumbwi wa kukamulia na nyasi mpaka juisi itoke, unatia mtama uliokaangwa, inalala, unapata rubisi. Sharti ni moja, shimo halifunguliwi kabla ya siku yake. Ukilifungua joto linatoka, ndizi zinagoma, na zikishagoma hakuna namna ya kuzibembeleza. Mtoto wa miaka sita anajua hivyo.

Basi, binti wa kaka yake baba akawa anaolewa, na baba akajitapa mbele ya ukoo mzima kwamba pombe yote ni juu yake. Alikata mikungu mingi kuliko inayotosha shimo moja. Siku hiyo mimi na mama tulikuwa mtoni tunafua. Tuliporudi tukakuta shimo la zamani limefunikwa vizuri, udongo umeshindiliwa, moshi mwembamba ukitoka pembeni. Alikuwa amepanga ndizi juu ya yale majani bila kuangalia chini yake kuna nini.

Mama aliketi chini na beseni la nguo zake. "Vitabu vyangu anaviivisha," akasema.

Ningenyamaza, pengine angeviacha. Mimi ndiye niliyesema tufukue, na hilo sitamsingizia mtu. Kesho yake baba alipokwenda kualika wageni tuliliparua lile shimo kwa mikono, tukatoa ndizi upande mmoja, tukavuta sanduku lililokuwa na joto kama sufuria, tukarudisha kila kitu tulivyoweza na kushindilia udongo kwa miguu. Tulipolifungua palepale shimoni, kabla ya kufukia, majalada yalikuwa yamevimba. Cha kufuma kilikuwa kimeachia kurasa. Tulirudisha sanduku chini ya kitanda changu, mama akanitazama, na wote wawili tulijua tumeharibu pombe ya harusi.

Siku ya kufukua walikuja majirani wawili kusaidia kukanyaga. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kutoka upande wa Bugomora. Shimo la kwanza likatoka zuri, ndizi zinanukia. Baba akawa anaimba. Akafungua la pili. Zilikuwa kijani, ngumu kama zilivyoingia. Akachukua moja akaiminya, akachukua nyingine. Mmoja wa majirani hakuweza kujizuia.

"Mzee, hizi ulizivumbika au ulizificha tu jua lisizione?"

Walicheka wote wawili, kisha matone ya kwanza yakaanguka na wakaondoka mbio kuwahi kwao. Baba akaendelea kutoa ndizi moja moja. Chini, kwenye majani, akakuta ukurasa. Ulikuwa na mchoro wa glavu. Baba hakujua kusoma, lakini karatasi za mama alizijua. Aliukunja taratibu, akautia mfukoni, na upole ule ndio ulionitoa jasho.

Alituingiza ndani wote wawili, akafunga mlango kwa gogo. Mvua ikashuka, na nyuma yake mawe. Mwenye nyumba ya bati anajua mvua ya mawe ilivyo. Kelele zile zilimeza kila kitu. Nilimwona mama akifungua kinywa na sikusikia sauti. Nilimwona baba akinyanyua fimbo ya mringamringa, nikaona inashuka mabegani, kichwani, kwenye mikono aliyoinua kujikinga, yote kimya, kama watu walio chini ya maji. Nikamrukia mkono. Alinipiga ngumi moja ya mdomo, na pengo unaloliona nikicheka ni la siku ile. Nilipojiinua alikuwa ameshavuta sanduku na kulimwaga. Kitabu cha kufuma kilikwenda motoni, na cha mwalimu na mbwamwitu wake, na hadithi za Krismasi. Akarudi kwa mama. Hakuwa anapiga kuadhibu tena. Nilimjua baba, nilijua kipigo chake cha kawaida kinaishia wapi, na hiki kilikuwa kimepita hapo. Alikuwa anamuua.

Nikafikiria ile nyumba ya magogo. Ndiyo hii, nikajiambia. Tumeshafungiwa.

Alipoinama kuokota fimbo iliyomponyoka, mama aliinua gogo la mlango na kutoka. Akakimbilia migombani, kama siku zote.

Migomba haikuwepo. Yaani vigogo vilikuwepo, lakini mawe yalikuwa yamechana kila jani, yamelilaza chini vipande vipande, na juu ya vipande hivyo ardhi yote ilikuwa nyeupe, imefunikwa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kutoka mlangoni niliona hadi mpaka wa jirani, mahali ambapo sikuwahi kupaona tangu nizaliwe. Ilikuwa ile michoro iliyovutwa, miti myeusi mitupu. Na katikati yake alisimama mama na kitenge chake cha manjano, hatua thelathini, akigeuka huku na huku akitafuta kitu cha kujificha nyuma yake. Mawe yalikuwa yanapungua. Nilimsikia baba akicheka.

"Haya," akamwambia. "Potea sasa."

Akatoka mbio na papo hapo miguu ikamruka, akaanguka chali. Akainuka, akakimbia tena, akaanguka kifudifudi. Mama alikuwa anakwenda. Alikuwa anatembea kama bata, Mungu ni shahidi wangu, hatua fupi, nyayo bapa, magoti yamelegea, damu inamtiririka sikioni, na alikuwa anamwacha. Angefika kwa jirani. Lakini baba mara ya tatu hakujaribu kusimama, alitambaa kwa nguvu kama mnyama, akamkuta kwenye mistari ya kahawa, akashika kitenge, akavuta. Mama alianguka. Baba akamwekea goti kifuani na mikono yote miwili shingoni. Niliona visigino vya mama vinachimba ile barafu.

Mchi wa kinu ulikuwa karibu na mlango. Sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka kutembea, polepole, kama tulivyofanya mazoezi, nikijiambia usianguke, usianguke, ukianguka mama amekufa. Nilimpiga mgongoni. Hakuachia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka nyuma yake, nikaunyanyua mchi mpaka juu kabisa na kuushusha hapo, chini ya goti. Nilisikia mfupa ukikatika. Baba akaachia.

Mama alikohoa kwa muda mrefu. Baba alikuwa amelala ubavu akinguruma, mvua ya baridi inamnyeshea, na alinitazama mimi na mchi wangu. Nilikuwa tayari kwa mara ya tatu, na safari hii nilikuwa naangalia kichwa. Hiyo ndiyo hasira niliyorithi, na ilitoka kwake. Mama akasimama akishikilia mti wa kahawa.

"Tosha," akaniambia.

Nikashusha mchi. Nikataka kumwinua, kwa sababu kitabu kilisema asiachwe. Mama akanishika mkono.

"Subiri kwanza."

Tukasubiri. Alisimama juu yake, mwanamke ambaye kila siku ya ndoa yake alimsalimia mume huyu akiwa chini, na sasa mume ndiye aliye chini. Baba alianza kutetemeka. Meno yakagongana. Midomo ikawa ya rangi ya majivu, akaacha kunguruma, na macho yakaanza kulegea, usingizi ule mtamu. Mama alimtazama bila haraka yoyote. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake na sikujua ninaomba ziendelee au zikome.

"Mama watoto," baba akasema. Siku zote alimwita "wewe".

Mama aliingia ndani, akarudi na gunia la kahawa. Hakuinama. Mimi ndiye niliyepiga magoti kumviringisha juu ya gunia, halafu tukashika kona, mama moja mimi moja, tukamkokota juu ya ile barafu mpaka mlangoni, kama yule mtu wa kwenye kitabu cha picha. Gunia lilikwenda kwa urahisi wa ajabu. Tulimlaza karibu na moto na mama akamfunika blanketi lake mwenyewe.

Wale majirani wawili walirudi mvua ilipokatika, wakitembelea watu kuona uharibifu. Wakauliza kulikoni. Nilifungua mdomo uliovimba, lakini baba akaniwahi.

"Niliteleza," akasema.

Wakatazama shingo ya mama, wakatazama mdomo wangu, wakatazama mchi. Wakasema pole, mawe ya mwaka huu hayana adabu. Mfungaji mifupa alikuja akafunga mguu kwa vijiti, na yeye pia akaambiwa aliteleza. Mwanamume aliyevunjwa na binti yake, kwetu, bora hata angekufa. Kwa hiyo ukawa ukweli wa kijiji, kwamba barafu ilimvunja mguu. Harusi ikafanyika kwa pombe ya watu wengine.

Mguu ulishika vibaya, ukawa mfupi. Hakumpiga mama tena. Watu wa kanisani walisema amebadilika, wakashukuru. Hakubadilika. Hakuweza tu kumfikia. Mwanzoni alirusha vitu, akakosa, akaacha. Migomba ilichipua upya baada ya miezi na kufunga majani yake juu, na mama akawa anaingia humo kwa kazi tu. Na hakupiga magoti tena. Chakula alimpa akiwa amesimama, na baba alipokea.

Mimi niliolewa upande wa Murongo. Miaka ya tisini mwanzoni nilikwenda kuwasalimia. Vilikuwa vimebaki vitabu vitatu, cha picha, cha wasafiri na kile kinene, ambacho mimi na mama hatukuwa tumekimaliza. Nikakaa nacho sebuleni nikawa nakisoma kwa sauti, namtafsiria mama, naye anachambua maharage. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mguu ameunyoosha. Nilidhani amesinzia. Nilipofika mahali theluji inayeyuka na mlango unafunguka, akauliza:

"Walitoka wote?"

"Wote watano."

"Baba yao naye?"

"Naye."

Akausugua ule mguu, pale chini ya goti, mahali penyewe hasa.

"Barafu yetu ilikuwa na mkono mzito," akasema, bila kunitazama.

Ilikuwa miaka mitano na zaidi tangu siku ile, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu jambo hilo. Mama aliacha kuchambua. Kuna watu ambao wangelia hapo, wangeomba radhi, wangeshikana mikono. Mimi nikasikia mdomo wangu, ule wenye pengo, unajibu.

"Ungeinuka, baba, ingekupiga tena."

Baba akavuta mguu wake karibu na kiti, akaufunika na koti.

"Soma," akasema.